Ndugu zangu wanasema uhusiano wa kimataifa ni kozi ya kupiga domo, je niende?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina miaka 23, nimepata nafasi vyuo viwili, kimoja uhusiano wa kimataifa na masuala ya dunia, kingine uchumi. Mimi napenda sana mambo ya dunia, nafuatilia vita, uchaguzi wa nchi za watu, mikutano ya marais, kila kitu. Ila nyumbani wanasema hiyo ni kozi ya kupiga domo, ukimaliza unarudi kukaa. Na hesabu kusema ukweli siipendi. Naomba unishauri, niende? Nikienda nijifunze lugha gani? Na kwa umri wangu si nitakuwa nimechelewa kwa kazi za UN?

Marahaba mdogo wangu. Nianze na hao wa nyumbani, maana usiwadharau, hoja wanayo. Hii kozi ukiisoma kivivu inageuka ya kupiga domo kweli. Nimefundisha watu wanaweza kukaa saa nzima wanakueleza nguvu za dunia zinahama kutoka magharibi kwenda mashariki, ukimuuliza haya sasa mkataba unasemaje, nani ana kura ngapi, hela inatoka mfuko gani, kimya. Mwajiri akikutana na watu watatu wa hivyo wa nne hamwiti. Ila nimefundisha pia watu ambao ukiwapa ishu yoyote ngumu baada ya siku mbili wanakuletea kurasa tatu zinazoonyesha nani anaamua, kwa kanuni ipi, na nani anabeba gharama, na hao sijawahi kusikia wanalalamika kazi hakuna.

Kinachonipa wasiwasi kwako ni hiyo sentensi ya kwamba unafuatilia vita na uchaguzi na mikutano ya marais. Kufuatilia habari ni starehe nzuri tu, hata mimi ninayo, lakini chuo hawatakupa habari, watakupa makaratasi. Mikataba, maazimio, bajeti, rekodi za kura, hukumu za mahakama, ripoti za kurasa mia mbili zilizoandikwa na kamati ambayo kila mjumbe alitaka neno lake liingie. Yanachosha, sikufichi. Kwahiyo swali la kwanza kabla ya lugha na ajira ni kama wewe ni mtu wa kuvumilia makaratasi kwasababu una kiu ya kujua kilicho nyuma ya habari. Ngoja nikupe mfano ujipime mwenyewe.

Tarehe 23 Machi 2021 meli ya makontena Ever Given yenye urefu wa mita 400 ilikwama kwenye Mfereji wa Suez ikaziba njia siku sita. Unakumbuka watu walivyocheka ile picha ya mashine ndogo ya kuchimbia inachimba mchanga kwenye pua ya meli kubwa kama jengo. Meli ikanasuka, habari ikaisha. Kwa mwanafunzi wa masuala ya kimataifa hapo ndo kazi inaanza, maana ukiuliza ile meli ni ya nani unapata majibu mengi na yote ni sahihi. Mwenye meli ni kampuni ya Japani. Aliyeikodi na kuiendesha kibiashara ni Evergreen ya Taiwan (ndo yale maandishi makubwa ubavuni ambayo watu walidhani ndo jina la meli). Bendera ni ya Panama. Usimamizi wa kiufundi ulikuwa kwa kampuni ya Ujerumani, mabaharia Wahindi, bima ya dhima iko Uingereza, mzigo unatoka Asia unaelekea Rotterdam na wenye makontena wametapakaa dunia nzima, na yote hayo yamekwama ndani ya Misri. Sasa niambie, nani anamdai nani, kwa sheria ya nchi gani, mbele ya hakimu yupi? Mamlaka ya mfereji ilianza na dai la zaidi ya dola milioni 900, meli ikashikiliwa pale mpaka Julai walipoelewana.

Ukichimba zaidi unakuta Mkataba wa Constantinople wa 1888 unaosema mfereji uwe wazi kwa meli za mataifa yote, wakati wa amani na wakati wa vita. Ukichimba tena unafika 1956, Misri inautaifisha mfereji, Israel na Uingereza na Ufaransa wanavamia, Baraza la Usalama la UN linashindwa kufanya kitu kwasababu Uingereza na Ufaransa wana kura ya veto mle ndani (yaani kila mmoja anaweza kuzuia azimio peke yake), suala linahamishiwa Baraza Kuu, Marekani na Wasovieti ambao kwa kawaida hawaelewani wote wanataka wavamizi watoke, na hapo ndipo kinapozaliwa kikosi cha kwanza cha UN cha walinda amani wenye silaha, UNEF. Umeona tulipofika? Tulianza na meli imekwama kwenye mchanga tukaishia kwenye chimbuko la walinda amani, na njiani tumepita bima, sheria ya bahari, ukoloni, biashara na vita baridi.

Kama hizo aya mbili umezisoma huku unatafuta zinaisha lini, chukua uchumi au kitu kingine, wala sio aibu. Kama umebaki unajiuliza ilikuwaje Baraza Kuu likaingia kwenye kazi ya Baraza la Usalama, basi karibu, na ukitafuta utakuta ni azimio la 377 la mwaka 1950.

Kipimo cha pili ni bure kabisa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa ulisainiwa San Francisco tarehe 26 Juni 1945, una ibara 111 tu, unausoma jioni mbili. Usome wote, usisome maelezo ya mtu mwingine kuhusu huo mkataba. Ukifika Ibara ya 27 utakuta neno veto halimo, kilichomo ni kwamba maamuzi mazito yanahitaji kura tisa za ndio zikiwemo kura za wajumbe wa kudumu wanaokubaliana. Sasa ukisoma maneno yale yalivyo utadhani mjumbe wa kudumu akijizuia kupiga kura azimio linakufa. Kwa vitendo halifi, na Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilikubali mazoea hayo mwaka 1971 kwenye maoni yake juu ya Namibia. Na mwaka 1950 Wasovieti walikuwa wamesusia vikao vya Baraza la Usalama kwa hasira ya kiti cha China kubaki kwa serikali ya zamani badala ya kupewa ya wakomunisti, wakati hawapo yakapita maazimio ya vita ya Korea. Hawakurudia tena kosa la kuacha kiti wazi namna ile. Hii tofauti kati ya kilichoandikwa na kinachofanyika, na nani aliifanya iwe hivyo, ndo nusu ya digrii yako.

Sasa chuo kitakufundisha nini hasa. Somo lenyewe sio la zamani sana, mwaka 1919 pale Aberystwyth huko Wales ilianzishwa nafasi ya uprofesa wa siasa za kimataifa kwa hela ya tajiri mmoja, David Davies, watu wametoka kwenye vita vikuu vya kwanza wanataka kuelewa ilikuwaje na isirudie. Miaka ishirini baadae ikarudia, kubwa zaidi, na tangu hapo somo limekuwa na ugomvi wa ndani ambao utaukuta kwenye kozi ya nadharia mwaka wa kwanza. Kuna wanaosema nchi zinaishi bila polisi juu yao kwahiyo kila moja inajilinda na kuiogopa yenye nguvu, hao ni wahalisia. Kuna waliberali wanaosema biashara, taasisi na demokrasia vinapunguza ule uoga. Kuna wa konstraktivizimu wanaosema uadui na urafiki vinatengenezwa na watu, ndo maana Marekani haina usingizi juu ya silaha chache za nyuklia za Korea Kaskazini ila haina shida na nyingi zaidi za Uingereza. Alafu kuna wenye jicho la ukoloni na la jinsia wanaouliza hao wote wanaongea kwa niaba ya nani. Wanafunzi wengi wanafanya nadharia kama timu za mpira, wanachagua moja wanaishangilia mpaka wanamaliza. Usifanye hivyo. Nadharia itumie kukuambia utafute nini kwenye makaratasi, basi, siku haikusaidii iweke pembeni.

Hilo jina la "masuala ya dunia" lisikubabaishe. Kozi za uhusiano wa kimataifa za kizamani zinaanza na nchi, serikali, mabalozi, majeshi. Hizi za masuala ya dunia zinaanza na tatizo lenyewe, ugonjwa au hewa au wahamiaji au data, alafu zinauliza nani wote wanahusika, iwe nchi au kampuni au mji. Kwa vitendo vyuo vingi vinachanganya na tofauti kubwa utaiona kwenye orodha ya kozi, sio kwenye jina la digrii.

Tuje kwenye hesabu, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Umesema huipendi. Sawa, lakini hautaikwepa, na kama unakimbilia uhusiano wa kimataifa ili uikwepe ndo unaenda kuwa yule wa kupiga domo. Sikuambii uwe mwanahisabati. Nakuambia ukiambiwa "migogoro duniani imeongezeka" uweze kuuliza imehesabiwaje. Chuo Kikuu cha Uppsala huko Sweden wana programu ya data za migogoro inayotumiwa na watafiti karibu wote, wao wanahesabu mgogoro wa silaha kuanzia vifo 25 vya mapigano ndani ya mwaka mmoja wa kalenda, na wakifika 1,000 ndo wanaita vita. Fikiria nchi ambayo watu 900 wameuawa kwenye mapigano, kwenye jedwali moja ni mgogoro mdogo kwenye jedwali lingine haipo kabisa kwenye orodha ya vita. Na raia waliokufa kwa njaa kwasababu barabara zilifungwa hawamo kwenye vifo vya mapigano. Mtu asiyejua hilo anaweza kuandika ukurasa mzima wa uongo kwa namba za kweli, na anaandika kwa kujiamini kabisa. Kozi ya takwimu na mbinu za utafiti ndo inakuokoa hapo, na ndo kozi ambayo wanafunzi wengi wanaikimbia mpaka semista ya mwisho, ajabu kweli.

Uchumi nao hivyo hivyo. Sri Lanka Aprili 2022 ilitangaza kusitisha kulipa madeni yake ya nje. Kwenye taarifa za habari ilikuwa ni watu wameingia ikulu wanaogelea kwenye bwawa la rais. Lakini kilichofuata kilikuwa ni meza tofauti tofauti za wadai, kamati ya nchi iliyoongozwa na Ufaransa, India na Japani, benki ya China upande wake peke yake, wenye hati fungani (waliokopesha serikali kwa kununua hati zake za deni) upande wao, na IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, ikisubiri uhakikisho wa wadai ndo bodi yake ipitishe mkopo wa kama dola bilioni 3 Machi 2023. Kila mdai anaogopa mwenzake atalipwa vizuri kuliko yeye. Hiyo ni siasa ya kimataifa safi kabisa ila huwezi kuielewa kama hujui hati fungani ni nini. Na kwenye hiyo IMF nchi hazina kura sawa, kura zinafuata mchango, Marekani ina zaidi kidogo ya asilimia 16 na maamuzi makubwa zaidi yanahitaji asilimia 85, piga hesabu mwenyewe uone kama yanapita Marekani ikikataa, hiyo kutoa unaiweza.

Kwahiyo uchague ipi? Mimi ningefanya hivi. Fungua orodha ya kozi za mwaka wa kwanza mpaka wa mwisho ya hicho chuo cha uhusiano wa kimataifa, sio ile brosha yenye picha za bendera. Tafuta kama uchumi ni lazima angalau semista mbili, kama takwimu ni lazima, kama sheria ya kimataifa ipo, kama lugha inahesabiwa kwenye alama, na kama kuna utafiti wa mwisho unaoandika mwenyewe. Vikiwepo vyote au karibu vyote, nenda, na uwaonyeshe na nyumbani hiyo orodha maana wao wanadhani mnakaa mnajadili magazeti. Kama ni "utangulizi wa" hiki na "masuala ya kisasa ya" kile kuanzia mwanzo mpaka mwisho, chukua uchumi, jikaze na hesabu miaka mitatu, alafu uhusiano wa kimataifa usome kwenye masta. Mlango huo uko wazi, masta za uhusiano wa kimataifa zinapokea watu wa uchumi kila mwaka, lakini mtu wa uhusiano wa kimataifa asiye na hesabu kuingia masta ya uchumi atasota.

Na ukienda, tafuta mapema kitu kimoja cha kushikilia. Mada moja na eneo moja. Mfano mtu anasema mimi ni vikwazo vya kiuchumi na eneo la Ghuba, mwingine maji na nchi za mto Mekong, mwingine biashara ya madini ya betri. Hili wanafunzi hawalipendi, wanahisi wanajifungia, ila mtu anayejua kidogo kuhusu nchi 193 hana tofauti na mtu mwenye simu. Huyo wa vikwazo kwa mfano anaweza kwenda wizarani, anaweza kwenda benki, maana kila benki inayotuma hela nje inahitaji watu wa kukagua orodha za vikwazo na kanuni za kuzuia utakatishaji fedha, anaweza kwenda kampuni ya meli au ya bima. Kazi hizo hazina gari la bendera mbele lakini zipo nyingi kuliko za ubalozi. Kuna za mashirika ya misaada pia, na hapo ujue wanatafuta zaidi mtu wa bajeti, wa ununuzi, wa takwimu za lishe, kuliko mchambuzi wa jumla. Uandishi wa habari, utafiti, ofisi za bunge, vyama vya wafanyabiashara wanaouza nje. Wizara za mambo ya nje zenyewe mara nyingi zinachukua watu wa digrii yoyote kwa mtihani na usaili, kwahiyo digrii hii haikupi tiketi pale, inakupa maandalizi.

Jifunze kuandika kifupi. Chuo kitakulazimisha insha za maneno elfu tatu, vizuri, lakini kazini watakuomba memo ya ukurasa mmoja: tatizo, njia zilizopo, unapendekeza ipi, hatari yake nini. Jizoeze kila wiki mbili, chukua azimio au hukumu moja uifanye ukurasa mmoja, ukimaliza digrii una kitu cha kumwonyesha mwajiri. Yale mabaraza ya kuigiza UN ambayo wanafunzi wanavaa suti nenda pia, yanakufundisha kujadiliana na kusoma kanuni za kikao, ila ukijaza sivii nzima na hayo tu inaonekana.

Lugha. UN ina lugha rasmi sita, Kiarabu, Kichina, Kifaransa, Kihispania, Kiingereza na Kirusi, na sekretarieti inafanya kazi kwa Kiingereza na Kifaransa. Kama Kiingereza chako kiko vizuri na huna sababu nyingine, Kifaransa ndo jibu la kawaida. Ila kama umeshachagua eneo, lugha ifuate eneo, mtu wa Ghuba bila Kiarabu atabaki kusoma walichochagua wengine kumtafsiria. Chagua moja ufike kiwango cha kusoma gazeti na kubishana nayo. Ukigusa tatu kidogo kidogo hakuna atakayekulipa kwa kujua kusalimia.

Umri, hapo uko salama. Programu ya UN ya kuajiri vijana wataalamu, inayoitwa YPP, inataka uwe na digrii ya kwanza, usizidi miaka 32 mwaka unaoomba, uwe raia wa nchi iliyo kwenye orodha ya mwaka huo, na ujue vizuri Kiingereza au Kifaransa. Uzoefu wa kazi sio lazima. Wewe ukimaliza utakuwa na 26 au 27, una nafasi ya kujaribu zaidi ya mara moja. Hiyo orodha ya nchi inabadilika kila mwaka kwasababu inatokana na nchi ambazo raia wao ni wachache UN, na fani za mtihani nazo zinabadilika, mwaka mmoja wanatafuta watu wa siasa mwaka mwingine wa takwimu, kwahiyo angalia mwenyewe kwenye tovuti yao ya ajira. Intanshipu za sekretarieti hazilipi, nauli na malazi ni juu yako, kuna mashirika kama ILO (Shirika la Kazi Duniani) yanatoa posho, anza na hayo. Na kuna UN Volunteers, makao yao makuu Bonn, wengi wameingilia huko. Hiyo orodha ya kozi ukishaipata nitumie, nikuambie ninavyoiona kabla hujathibitisha nafasi.